Mtoto Aliyejaa Maji: Historia ya Vipimo na Lawama, Karatu na Ngorongoro

Kadi ya kliniki ya mama mjamzito hapa Tanzania ina sehemu moja ambayo akina mama wengi huipita bila kuisoma. Kundi la damu. Rh. Wingi wa damu. Kaswende. VVU. Mkojo. Nesi anajaza kwa kalamu, mara nyingi kwa haraka maana foleni ni ndefu, kisha anarudisha kadi na kutaja tarehe ya kurudi. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na kadi za aina hii nimezishika nyingi, Arusha, Karatu na kwingineko. Nimekuja kuona kwamba vile visanduku vidogo ni ukurasa wa historia. Kwa muda mrefu sana, mtoto alipokufa tumboni, watu waliuliza swali moja: mama kafanya nini? Visanduku vile ni majaribio ya kulijibu swali hilo kwa namna nyingine, na si yote yaliyofanikiwa.

Nichukue kifo cha aina moja tu, maana ndicho kinachoonyesha jambo hili vizuri. Wakunga wanakifahamu. Mtoto anazaliwa amevimba mwili mzima, tumbo limejaa maji, ngozi inang'aa kama imevutwa, na kondo la nyuma ni kubwa, zito na limepauka. Wengi wanatoka wameshakufa. Wengine wanaishi saa chache. Kiswahili hakina jina moja la hali hii. Madaktari husema haidropsi, wakunga husema tu mtoto amejaa maji. Huko Edinburgh, mwishoni mwa karne ya 19, daktari John William Ballantyne aliandika kwa kirefu kuhusu watoto wa namna hii. Huyohuyo ndiye aliyepigania wazo kwamba mama atazamwe kabla ya uchungu, na mwaka 1901 kikatengwa kitanda kimoja cha wajawazito katika hospitali ya uzazi ya mji ule. Kliniki zetu za leo ni wajukuu wa kitanda kile.

Maji yale ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko nyuma yake. Mojawapo ya njia zake kuu ni upungufu wa damu wa mtoto mwenyewe, akiwa bado tumboni. Damu ikipungua, moyo mdogo unasukuma kupita uwezo wake, ini linaacha kazi nyingine ili lisaidie kutengeneza damu, na maji yanavuja kutoka kwenye mishipa kwenda tumboni, kifuani na chini ya ngozi. Lakini ni nini kimeimaliza damu ya mtoto? Hapo ndipo maabara inapoingia, na hapo ndipo lawama zinapohama.

Zamani hazikuhama. Mkunga mmoja mstaafu aliyefanya kazi upande wa Karatu aliniambia jinsi walivyokuwa wakiandika kwenye rejista ya wodi. "Mwanangu, sisi tulikuwa na herufi tatu tatu. FSB, MSB, basi." FSB ni mtoto mfu aliyetoka bado mbichi, MSB ni yule aliyekufa siku nyingi tumboni, ngozi imeanza kuchubuka. Rejista ilisema amekufa lini. Haikusema kwa nini. Nikamuuliza, na mama akiuliza kwa nini, mlimjibu vipi? Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Tulimwambia ni mapenzi ya Mungu. Huko nyumbani walikuwa na jibu lao."

Jibu la nyumbani lilikuwepo kweli, na lilikuwa na utaratibu. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu hadi ilipokatwa kuwa wilaya yake katika miaka ya 1990, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw. Wanaanthropolojia walioishi nao, akiwemo Robert Thornton ambaye kitabu chake kilitoka 1980, wameandika kuhusu metimani: kutengwa kwa muda kwa mtu au nyumba iliyopatwa na kifo au msiba wa uzazi, ili balaa lile lisisambae kwa majirani na mifugo. Ni rahisi kulidharau jambo hili ukiwa umekaa Arusha mjini na simu mkononi. Mimi silidharau. Jamii iliyokuwa ikizikwa na magonjwa ya kuambukiza ilikuwa na sababu ya kuogopa nyumba yenye kifo, na sisi wenyewe tulikaa karantini juzi tu. Ila tuseme ukweli, uzito wa kutengwa ulimwangukia mwanamke. Na kama mimba ya pili ikaharibika, na ya tatu, hakuna aliyekuwa akimwangalia baba.

Sasa twende mbali kidogo, New York, mwaka 1939. Madaktari Philip Levine na Rufus Stetson waliandika habari za mwanamke aliyejifungua mtoto mfu. Alipungukiwa damu, akaongezewa damu ya mume wake, na mwili wake ukaikataa vibaya sana. Kundi la damu lilikuwa sawa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine ndani ya damu ya mume, ambacho mke hakuwa nacho, na mtoto alikuwa amekirithi kwa baba. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza kitu walichokiita Rh, na mwaka uliofuata Levine akaonyesha kwamba hiki ndicho kinachoua wale watoto waliovimba.

Msomaji, hebu tulia hapo kidogo. Mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, mtoto wa kwanza kwa kawaida anatoka mzima. Wakati wa kujifungua damu ya mtoto inaingia kidogo kwa mama, mwili wa mama unaiona ni ngeni na kujitengenezea askari. Mimba ya pili, askari wale wanavuka kondo na kuziua chembe za damu za mtoto. Mimba ya tatu mara nyingi ni mbaya zaidi. Yaani ugonjwa wenyewe unafuata hatua zilezile ambazo majirani huzisoma kama laana: alizaa vizuri, kisha kitu kikabadilika, sasa kila mtoto anakufa. Ungekuwa wewe ni jirani, usingeuliza amefanya nini baada ya yule wa kwanza? Maabara ilikuja na jibu ambalo halikuwahi kuwepo. Hajafanya kitu. Damu mbili zisizo na kosa zimekutana.

Kulithibitisha jibu hilo kulihitaji kipimo. Mwaka 1945, huko Cambridge, Robin Coombs pamoja na Arthur Mourant na Robert Race walikitoa. Coombs alisomea udaktari wa mifugo, jambo ambalo nadhani wafugaji wa Ngorongoro wangelifurahia. Kipimo chake kinatumia kinga iliyotengenezwa na mnyama ili kuwafichua askari wa mama ambao peke yao hawaonekani. Chembe za damu zinashikana na kuganda kama maziwa yaliyokatika, na mtaalamu wa maabara anajua. Mpaka leo kipimo hicho kinaitwa Coombs.

Kujua hakukuwa kuponya. Mwaka 1963, Auckland, New Zealand, William Liley alipitisha sindano kwenye tumbo la mama hadi tumboni mwa mtoto na kumwekea damu. Mtoto akaishi. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto ambaye hajazaliwa kuwa mgonjwa mwenye matibabu yake. Kisha ikaja kinga yenyewe. Timu mbili zilishindana, moja New York ya Vincent Freda, John Gorman na William Pollack, nyingine Liverpool ya Cyril Clarke na Ronald Finn. Clarke alikuwa mfugaji wa vipepeo, na urithi wa rangi za vipepeo ndio uliomfikisha kwenye makundi ya damu. Wazo lilikuwa kumchoma mama askari wa kuazima mara tu baada ya kujifungua, wasafishe damu ya mtoto kabla mwili wake haujajifunza kutengeneza wa kwake. Sindano hiyo, anti-D, iliruhusiwa Marekani mwaka 1968.

Inatakiwa ichomwe ndani ya saa 72. Kwa nini 72? Watafiti wa New York walifanya majaribio kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing, na inasimuliwa kwamba saa zile zilitokana na ratiba ya gereza, siku ambazo madaktari waliruhusiwa kurudi. Ratiba ya gereza la Marekani ikawa sheria ya wodi za uzazi dunia nzima. Mama aliyejifungulia kwenye boma nyuma ya Endulen, wakati wa masika, naye yumo ndani ya saa hizohizo.

Katika nchi tajiri, ugonjwa wa Rh ulikaribia kusahaulika. Huku kwetu mambo yalikwenda kwa namna yake. Wenye Rh hasi Ulaya ni kama watu 15 kati ya 100. Afrika Mashariki ni wachache sana kuliko hapo. Uchache huo ni baraka, lakini una ubaya wake, maana mwanamke mwenye tatizo hili anakuwa peke yake kijijini, hakuna mwenzake wa kumwambia mimi pia ilinitokea. Na anti-D haitengenezwi kiwandani kama panado. Inatokana na plazma ya watu wenye askari wale mwilini. Mwaustralia mmoja, James Harrison, aliyefariki 2025, alitoa plazma mara 1,173. Dawa inayotegemea mikono ya watu ni ghali. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye friji ni vitu viwili. Akina mama wengi wa mikoani wanajikuta wanaambiwa waitafute mjini kwa hela yao, huku saa zinahesabika.

Kwa hiyo kisanduku cha Rh kwenye kadi kinatoa jibu zuri ambalo mara nyingi halina dawa jirani. Kisanduku cha kaswende ni kinyume chake. Dawa yake ni rahisi, jibu lake ndilo gumu.

Kaswende nayo hujaza watoto maji. Vijidudu vinavuka kondo, vinaharibu ini la mtoto, vinapunguza damu yake, na kondo linakuwa kubwa na kupauka, karibu sawa na lile la ugonjwa wa Rh. Kwa macho ya mkunga ni msiba uleule. Utafiti mkubwa wa jambo hili haukutoka Ulaya, ulitoka kwetu Mwanza. Mwaka 2002 Deborah Watson-Jones na wenzake walichapisha matokeo yao. Miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto wafu walitokana na kaswende ya mama. Na wale waliopimwa na kuchomwa penisilini mara moja tu, uniti milioni 2.4, mimba zao hazikuwa na hatari zaidi ya za wanawake wasio na ugonjwa. Sindano moja! Sijui ni wapi pengine katika tiba ambapo hela ndogo hivyo inanunua uhai wa mtoto.

Zamani kipimo kilihitaji maabara, umeme, na mashine ya kutikisa sampuli. Siku hizi ni kikaratasi, tone la damu kutoka kidoleni, na majibu kabla mama hajatoka kwenye benchi. Kwa teknolojia tumeshinda. Lakini jiulize mama anarudi nyumbani na nini. Kipimo cha Rh kilimwambia huna kosa. Kipimo cha kaswende kinamweka kwenye kesi. Mume atauliza umeutoa wapi, na anayeuliza mara nyingi ni yule ambaye hajapimwa. Mkunga wangu mstaafu alisema walikuwa na akina mama waliokubali sindano na kukataa kuandikiwa kwenye kadi. Waliijua kadi kama barua, na walijua nani ataisoma.

Kikaratasi kile hakisemi nani alianza. Hakisemi lini. Kinasema tu kwamba mwili huu umewahi kukutana na kijidudu hiki. Kila kitu kingine tunakiongeza wenyewe. Ndiyo maana naona kumwita mume apimwe siku hiyohiyo ni tiba kamili, kwa sababu inagawa jibu kati ya watu wawili, na bila hivyo mama anaweza kuambukizwa tena kabla hajajifungua.

Kisanduku cha tatu, wingi wa damu, ndicho kinachopimwa mara nyingi zaidi, na kinahitaji maelezo kidogo. Upungufu wa damu wa mama si sawa na upungufu wa damu wa mtoto. Mtoto huchukua chuma kwa mama hata kama mama mwenyewe amekauka. Mama akipungukiwa, hatari kubwa ni yake siku ya kujifungua, akitokwa na damu kidogo tu. Lakini kisanduku hiki nacho kina lawama zake. Mwaka 1900 hivi, Mfini aitwaye Tallqvist alitengeneza karatasi ya kulinganisha rangi ya tone la damu. Njia za namna hiyo, za kukisia kwa macho, zilidumu kwa miongo mingi kwenye zahanati. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaweka mstari: mjamzito mwenye chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu.

Mstari ule ulipimwa usawa wa bahari. Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu. Kingo za kreta ya Ngorongoro ni kama mita 2,300. Juu huko hewa ni nyepesi, na mwili wenye afya unajiongezea damu ili utosheke. Maana yake gramu 11 za Karatu si gramu 11 za Tanga. Mwongozo wa 2011 ulitaka upunguze gramu 0.5 kwenye majibu ya mtu anayeishi mita 1,500, na mwongozo wa 2024 ukaongeza kiasi hicho. Mama wa Karatu mwenye 11.2 anaandikiwa yuko sawa, kumbe hayuko. Watafiti wa Kinorwei na Watanzania, wakiongozwa na Sven Gudmund Hinderaker, walilichunguza suala la upungufu wa damu kwa wajawazito wa nyanda za juu za Mbulu na Hanang zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwa hiyo si jambo la kusema halikujulikana. Swali ni kama limefika kwenye meza ya anayejaza kadi.

Na kwa Wamaasai wa Ngorongoro kisanduku hiki kinaingia jikoni. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa 2017 uliwasikiliza wanawake wakieleza desturi ya mjamzito kupunguza chakula, hasa miezi ya mwisho, ili mtoto asiwe mkubwa. Wataalamu wengi wakisikia hivyo wanatoa somo la lishe. Ila ukifikiri vizuri, mtoto mkubwa katika boma lisilo na gari ni kifo cha wawili. Wanawake wale walikuwa wanapima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo. Ukitaka ale, msogezee hospitali kwanza.

Hospitali ilisogea kwa shida. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa 1959, Wamaasai waliotolewa Serengeti wakiwa ndani yake. Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, alianzisha hospitali ya Wasso, Loliondo, na baadaye Endulen. Ndege ndogo za Flying Medical Service zilitua kwenye nyasi na kufungulia kliniki ya wajawazito chini ya mti. Upande wa Karatu kuna hospitali ya Kilutheri, na mwaka 2008 FAME ilifungua kliniki ambayo baadaye ilipata wodi na maabara. Lami kutoka Makuyuni hadi lango la hifadhi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani kwa ajili ya watalii, huenda imeokoa akina mama wengi kuliko mradi wowote ulioitwa wa afya.

Tangu 2022 Serikali imekuwa ikihamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, na inasema wanahama kwa hiari. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2024 ilieleza kwamba huduma za Endulen zimepunguzwa. Mabishano ya ardhi yana wenyewe na yataendelea. Mimi naongelea saa 72, na sindano moja ya penisilini. Mambo haya mawili hayasubiri mahakama wala mazungumzo. Unapopunguza maabara mahali, unarudisha swali la zamani nyumbani kwa mama, pamoja na majibu yake ya zamani.

Mwaka 2000 Giancarlo Mari na wenzake walionyesha kwamba upungufu wa damu wa mtoto unaweza kujulikana kwa ultrasaundi peke yake, kwa kupima mwendo wa damu kwenye mshipa mmoja wa ubongo. Damu iliyopungua ni nyepesi, inakimbia, kama uji mwepesi unavyomwagika haraka kuliko mzito. Sindano ya kuchungulia haihitajiki tena. Siku moja mashine na mkono uliofunzwa vitakuwa kawaida Karatu, naamini. Lakini nisingependa tusubiri siku hiyo wakati visanduku vya kadi, ambavyo tayari viko mikononi mwetu, vinajazwa bila kuelezwa.

Kuvieleza hakuhitaji mfadhili. Ni dakika tatu, kwa Kiiraqw au Kimaasai inapobidi, mume akiwepo. Rh hasi maana yake nini na ufanye nini siku ya kujifungua. Kaswende inatibika na nyote wawili mnachomwa. Namba hii ya damu, kwa mwinuko tunaokaa, ni ndogo kuliko inavyoonekana. Na pale ambapo mtoto amekwishakufa, jibu linahitajika zaidi, maana mama yule anarudi kwa watu wenye maelezo tayari. Mtoto aliyejaa maji hana kosa, na mara nyingi mama yake pia hana. Inafaa aambiwe hivyo waziwazi, mbele ya mume na mama mkwe, na mtu mwenye karatasi ya majibu mkononi.